Shajara ya mradi: Kuifanya karakana ya chuma na mbao iwe salama kwa mafundi na wanafunzi

Karakana inayoandikiwa hapa ni ya chuo cha ufundi stadi nchini Tanzania. Asubuhi wanafunzi wanajifunza. Mchana mafundi wa kitengo cha uzalishaji wanatengeneza magrili, mageti, milango na madawati ya wateja. Mashine ni zile zile: msumeno wa meza, randa ya mashine, drili mbili za kusimama, mashine moja ya kukereza, grainda mbili za mezani, grainda za mkononi, mashine tano za kuchomelea, mitungi ya gesi na kompresa.

Ugumu wa karakana za namna hii uko kwenye makabidhiano ya mchana na asubuhi. Fundi mzoefu anatoa kinga ya msumeno ili apitishe ubao mnene, anamaliza kazi yake bila kuumia, anaondoka. Kesho yake mwanafunzi anakuta msumeno uko wazi na anaamini ndivyo unavyotakiwa kuwa. Fundi anajua alichokitoa, ila mwanafunzi hajawahi kukiona. Kwa hiyo kila kazi kwenye mradi huu imepimwa kwa swali moja: kifaa kikifungwa, kitakuwa bado kipo mwezi mmoja baadaye, siku ambayo hakuna mkaguzi?

Mpangilio wa matumizi ya fedha umefuata hilo. Kwanza umeme, kisha mashine, kisha gesi na moto, kisha hewa. Glavu, miwani na mabango vimekuja mwisho, ingawa ndivyo ambavyo kila mfadhili hupenda kununua kwanza.

Wiki ya 1: ukaguzi

Ukaguzi umefanywa mashine zikiwa kazini. Mashine iliyozimwa na kufutwa vumbi haisemi kitu. Zimeandikwa orodha mbili: vinavyoweza kuua au kukata kiungo leo, na vinavyoumiza taratibu kwa miaka (kelele, vumbi, moshi). Kilichoingia orodha ya kwanza kimefungiwa umeme papo hapo kwa kufuli na kibao chenye jina la aliyefunga.

Orodha ya kwanza:

- Msumeno wa meza na randa vinawashwa kwa swichi ya kupindua. Umeme ukikatika na kurudi, vinawaka vyenyewe.
- Ekstensheni mbili hazina plagi. Waya uchi umeshindiliwa kwenye soketi kwa njiti za kiberiti.
- Mashine moja ya kuchomelea, ya kusukwa mtaani, haina kabisa waya wa erthi (unaopeleka ardhini umeme uliovuja), na ncha za kutolea umeme ziko wazi kwa mkono wowote utakaopita.
- Grainda ya mezani: nafasi kati ya kipumzishio cha kazi na jiwe ni mm 11.
- Mtungi wa asetilini umelazwa chini, karibu na oksijeni, hauna mnyororo.
- Mlango wa pili umefungwa kwa kufuli na nyuma yake zimepangwa mbao.

Mlango umefunguliwa siku hiyo hiyo. Ndiyo kazi pekee ya mradi iliyokamilika bila shilingi moja, na imebidi irudiwe, kwa sababu mbao zilirudi. Suluhisho limekuwa kuwapa watu wa mbao rafu yao ukutani. Kumkataza mtu kuweka mzigo mahali bila kumwonyesha pengine pa kuuweka hakujawahi kufanya kazi.

Wiki ya 2 na ya 3: umeme

*Erthi.* Imepimwa kwa kipima erthi cha fito tatu: fito ya mkondo mita 30 kutoka kwenye erthi inayopimwa, fito ya kati kwenye asilimia 62 ya umbali huo, kisha inasogezwa mbele na nyuma kuona kama namba inabaki ile ile. Isipobaki, fito ziko karibu mno. Kipimo cha kwanza cha ukinzani kilikuwa juu ya omu 90 kwa fito moja ya mita 1.2. Zimeongezwa fito tatu za shaba zenye unene wa mm 16, zikiachana mita 2.5. Fito zikikaa karibu kuliko urefu wake zinagombania udongo ule ule, faida inapungua. Sasa ni omu 21. Lengo ni kushuka chini ya 10. Fito moja ya kuunganishwa kwenda chini mita 3 imeagizwa.

Kuna desturi ya kujaza chumvi na mkaa shimoni. Kipimo hushuka vizuri siku ya kukabidhi kazi, halafu mvua inaosha chumvi na iliyobaki inakula kiungo cha fito. Haikutumika. Kipimo kitarudiwa mwishoni mwa kiangazi, udongo ukiwa mkavu kabisa, kwa kuwa kipimo cha masika kinapendeza kuliko hali halisi.

*Breka za kuvuja umeme.* Soketi zote na mashine za mkononi zimewekewa breka inayokata umeme ukivuja miliampia (mA) 30. Kila safu ya soketi ina yake. Hakuna breka moja ya karakana nzima. Sababu ni mbili. Grainda moja mbovu isizime kila kitu, maana watu wakichoka kuzimikiwa huipitia breka pembeni kwa kipande cha waya. Na taa zisikae kamwe kwenye breka ya mashine: msumeno ukizimwa unaendelea kuzunguka kwa sekunde nyingi, na giza likiingia wakati huo ni hatari kuliko kosa lenyewe la umeme.

Kupima: kwa kifaa, kwenye mA 30 breka iachie ndani ya milisekunde 300, kwenye mA 150 ndani ya milisekunde 40. Kitufe cha majaribio kinabonyezwa kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi na mwanafunzi wa zamu, anaandika kwenye daftari. Breka mbili zilikuwa zinaachia bila sababu ya wazi. Chanzo kilikuwa nyutro (waya wa kurudishia umeme) ya safu moja kuunganishwa na nyutro ya safu nyingine baada ya breka. Mkondo unaondoka kwa njia moja na kurudi kwa nyingine, breka inasoma kwamba umeme umevuja. Breka haikuwa na kosa.

*Kuzuia mashine isijiwashe.* Hii ndiyo kazi iliyochukua muda mwingi, na kwa karakana yoyote yenye umeme wa kukatika na kurudi ndiyo ya kwanza kufanywa. Swichi za kupindua zimeondolewa kwenye msumeno, randa, drili na mashine ya kukereza, zikawekwa stata zenye kontakta, yaani swichi inayoshikwa na sumaku ya koili. Njia ya umeme wa koili ni hii: fezi inapita kitufe cha dharura, kisha kitufe chekundu cha kuzimia, kisha mguso wa ulinzi wa mzigo (nati za waya namba 95 na 96), ndipo inafika kitufe cha kijani, kisha koili, kisha nyutro. Mguso wa kujishikilia (13 na 14) unafungwa sambamba na kitufe cha kijani. Umeme ukikatika, koili inaachia, mguso wa 13 na 14 unafunguka, na umeme ukirudi hakuna kitu mpaka mtu abonyeze kijani.

Vinavyoharibika:

- Kununuliwa kitufe cha kijani cha kubonyea-na-kubaki. Kikibaki kimebonyezwa, mashine inajiwasha vilevile kama zamani.
- Kitufe cha dharura kufungwa kwa mguso unaofunga ukibonyezwa. Kinatakiwa kuwa mguso unaofunguka, ili hata waya wake ukikatika mashine isimame.
- Ulinzi wa mzigo kuwekwa kwenye namba ya juu ili "usisumbue". Namba inasomwa kwenye kibati cha injini. Injini ya kW 3 ya fezi tatu kwenye volti 400 hula takriban ampia 6 na nusu; ikiwekwa 10 injini itaungua kabla ya ulinzi kuamka.

Jaribio la kukabidhi: washa mashine ikiwa tupu, zima meni swichi, subiri isimame kabisa, rudisha meni swichi. Ikigeuka hata kidogo, kazi haijapokelewa. Mashine zote zimepita isipokuwa drili ya pili, ambayo ilikuwa na waya wa zamani uliosahaulika ukipita pembeni ya stata. Umekatwa.

*Mwelekeo wa kuzunguka.* Baada ya kubadilisha waya wowote wa fezi tatu, na kila jenereta linapounganishwa, mwelekeo unakaguliwa kabla ya kuweka ubao. Fezi mbili zikibadilishana nafasi, msumeno unazunguka kinyume na nati yake inaanza kulegea yenyewe. Mshale mwekundu umechorwa kwenye kila kinga.

*Taa.* Tyubu za zamani juu ya mashine ya kukereza zilikuwa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na kwa mizunguko fulani chaki (kichwa cha mashine kinachobana kazi) ilionekana kama imesimama. Zimebadilishwa kwa taa za LED zenye draiva isiyopepesa. Mwanga kwenye meza za kazi sasa unazidi lux 400.

*Ekstensheni.* Ya kuviringisha inatolewa yote kwenye gurudumu kabla ya kutumika. Ikiwa imeviringishwa joto halina pa kutokea, na waya wa ampia 13 haustahili kubebeshwa hata nusu yake. Zilizokuwa zikitumia njiti za kiberiti zimekatwa vipande vifupi visivyofaa kurudishwa kazini. Zikitupwa nzima, huokotwa.

Wiki ya 4: grainda

Grainda ya mezani: kipumzishio kisizidi mm 3 kutoka kwenye jiwe, na ulimi wa juu, kibati kidogo kilicho juu ya jiwe, usizidi mm 6. Nafasi ikipanuka, kipande chembamba kinavutwa katikati, kinakwama, jiwe linapasuka. Jiwe linaliwa kila siku, hivyo vipimo hivi vinapotea vyenyewe. Kimekatwa kibati cha mm 3 na kingine cha mm 6, vikaning'inizwa kwa mnyororo kwenye mashine. Kibati kikipita kwa uhuru, spana inatoka.

Jiwe jipya linapigwa sauti kabla ya kufungwa. Lipitishwe kidole au kijiti kwenye tundu, liguswe kwa mpini wa mbao wa bisibisi pembeni, digrii 45 kutoka katikati kila upande, kama mm 40 kutoka ukingoni. Likilia, ni zima. Likitoa sauti iliyokufa, lina ufa. Jiwe liwe kavu, maana lenye unyevu hutoa sauti iliyokufa hata likiwa zima. Karatasi za pande mbili zinazokuja na jiwe haziondolewi. Ndizo zinazosawazisha mbano wa sahani. Baada ya kufunga, liachwe lizunguke dakika moja huku kila mtu akiwa pembeni, asiwe mbele ya jiwe. Aluminiamu hainolewi hapo: inaziba vinyweleo vya jiwe, jiwe linapata joto na kupasuka.

Grainda ya mkononi ndiyo iliyokuwa na makosa mengi kuliko mashine nyingine yoyote, na mengi yana chanzo kimoja: diski kubwa kwenye mashine ndogo. Tundu la katikati ni lile lile, mm 22.23, kwa diski zenye upana wa mm 115, 180 na 230, kwa hiyo diski ya 180 inaingia kwenye grainda ndogo vizuri tu, mradi kinga itolewe. Diski ya 180 imeruhusiwa mizunguko 8,500 kwa dakika. Grainda ya 115 inazunguka 11,000. Ukingo wa diski unakimbia mita 104 kwa sekunde badala ya 80 iliyotengenezewa, na nguvu ya kuipasua inaongezeka zaidi ya mara moja na nusu. Kinga iliyotolewa ndiyo ingekamata vipande.

Kuwaambia watu wasitoe kinga hakujasaidia kwingine na hakukutegemewa hapa. Kilichofanyika: stoo sasa ina grainda kubwa mbili zenye kinga kwa kazi za kukata, na diski za 180 na 230 hazitolewi bila kubadilishana na mashine yake. Grainda inayorudi stoo bila kinga haipokelewi, na aliyeichukua hapewi nyingine. Stoo kipa amepewa mamlaka hayo kwa maandishi. Bila karatasi hiyo, fundi mkubwa angemshinda kwa sauti.

Diski za kukatia hazisagii kwa ubavu. Pia zina tarehe: kwenye kipete cha chuma katikati pameandikwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi. Gundi yake inanyonya unyevu, na stoo ya pwani inaziharibu hata kabla ya tarehe zikiwekwa sakafuni. Zimehamishiwa kwenye kabati kavu, zimelazwa, hazisimamishwi. Boksi mbili zilizopita muda zimevunjwa kwa nyundo na kutupwa.

Wiki ya 5: msumeno wa meza, randa, drili

Msumeno ulikuwa hauna kisu cha nyuma, kile kibati kinachosimama nyuma ya meno na kuufanya mpasuko usijifunge. Ubao wenye msokoto ukifunga mpasuko, meno ya nyuma yanaunyanyua na kuurusha kwa aliyesimama mbele. Kimetengenezwa hapa karakanani kwa chuma kigumu: unene uzidi bamba la msumeno na upungue mpasuko wa meno. Kwa msumeno wetu, bamba ni mm 2.2 na mpasuko mm 3.2, kisu kimekuwa mm 2.5. Kimefungwa mm 5 kutoka kwenye meno (inakubalika kati ya 3 na 8), na kinafuata umbo la duara.

Kinga ya juu ya zamani ilikuwa ya bati lisiloonyesha mstari wa kukata. Ndiyo maana ilikuwa inaishi chini ya meza. Mpya ni ya polikaboneti ya mm 6, imening'inizwa kwa mkono kutoka juu, inapanda na kushuka kufuata unene wa ubao. Nafasi juu ya ubao haizidi mm 12. Fundi anaona mstari wake. Tangu ifungwe haijatolewa kwa kazi ya kupasua. Kwa kuchonga mfereji inabidi itolewe, na kazi hiyo imehamishiwa kwenye ruta ya mezani.

Vijiti vya kusukumia viwili vinakaa kwenye kishikio upande wa kulia, pale mkono unapofika bila kutafuta. Vinatumika kwa mm 300 za mwisho za kila ubao. Vimechongwa kwa plaiwudi, vingi, kwa kuwa vinaliwa na msumeno, na ni heri viliwe hivyo.

Drili: kila kazi inabanwa kwenye jiliwa, na jiliwa linabanwa mezani kwa bolti. Kibati kinachoshikwa kwa mkono hunaswa na ncha ya drili pale inapotoboka upande wa pili, si mwanzoni. Hapo ndipo wanafunzi hulegeza umakini, wakidhani kazi imeisha. Ufunguo wa chaki umewekewa springi inayousukuma nje. Ukiuachia, unaanguka wenyewe. Vilevile kwenye mashine ya kukereza.

Glavu hazivaliwi kwenye drili, mashine ya kukereza, msumeno wala grainda ya mezani. Watu wengi huwaza kinyume. Glavu ikinaswa inavuta mkono mzima, ngozi tupu ingekwaruzwa tu. Hali kadhalika pete, bangili, saa na vitambulisho vya shingoni. Wanafunzi wa kike wenye ushungi wanavaa ule mfupi wa kuvuta, usio na pini, ncha zake zikiingia ndani ya ovaroli. Chuo kimenunua vipande vya akiba vikae stoo na ovaroli.

Wiki ya 6 na ya 7: kuchomelea na gesi

Mashine za kuchomelea zimepimwa kwa mega ya volti 500, kifaa kinachopima kwa megaomu (MΩ) jinsi kizuizi cha umeme kilivyo imara. Kati ya koili ya kuingizia na ya kuchomelea, MΩ 5 au zaidi. Kati ya koili ya kuingizia na bodi, MΩ 2.5 au zaidi. Nne zimepita. Ile ya mtaani ilisoma chini ya MΩ 0.3, maana yake volti 230 zilikuwa zinatenganishwa na mkono wa mtu kwa varnishi iliyoungua. Haikutengenezwa, imefunguliwa na sasa ni kifaa cha kufundishia namna koili inavyosukwa.

Kibano cha kurudishia umeme kinafungwa kwenye kazi yenyewe. Kikifungwa kwenye meza, au mbaya zaidi kwenye nguzo ya jengo, umeme unatafuta njia kupitia beringi za mashine, minyororo na waya za erthi za mashine nyingine, na kuzichoma kimya kimya.

Vioo: kwa elektrodi za mm 2.5 na 3.2, ampia 60 hadi 160, kioo namba 10. Miwani ya jua imepigwa marufuku, na sababu imeandikwa pale pale: giza lake linapanua mboni bila kuzuia mionzi ya kuchomelea inavyotakiwa, jicho linaweza kupokea zaidi. Macho yanayowasha kama yameingia mchanga huanza saa 6 hadi 12 baadaye, usiku, kwa hiyo mwanafunzi halioanishi na kazi ya asubuhi. Mara nyingi anayeumia ni jirani wa mchomeleaji. Vibanda vitano vimejengwa kwa fremu za chuma na turubai zito lisiloshika moto, yakiishia sm 30 juu ya sakafu ili hewa ipite.

Mabomba yenye zinki: rangi ya zinki inasagwa sm 5 kila upande wa kiungo kabla ya kuchomelea, nje, upepo ukitoka mgongoni. Moshi wake mweupe unaleta homa na kutetemeka saa kadhaa baadaye, na wengi hudhani ni malaria. Maziwa, ambayo bado yanapendekezwa na kila fundi wa zamani, yanaenda tumboni. Moshi uko mapafuni. Yanywewe kwa sababu nyingine.

Mapipa na matangi yaliyowahi kubeba petroli, dizeli, rangi au kitu kisichojulikana hayachomelewi wala kukatwa kwa grainda hapa. Mteja anarudishwa. Kuosha kwa maji na sabuni hakutoshi, kwa kuwa mabaki kwenye mishono yanageuka mvuke chuma kikipata joto.

Mitungi: imesimamishwa na kufungwa minyororo miwili, theluthi ya juu na ya chini. Oksijeni na asetilini za akiba zimetenganishwa mita 6. Vizuia-moto-kurudi vimefungwa kwenye regyuleta zote mbili na kwenye mpini wa kuchomelea. Nati za asetilini zina alama za kukwanguliwa na zinafungwa kinyume na saa. Za oksijeni kama kawaida. Nati ikikataa, usilazimishe. Presha ya asetilini isizidi psi 15, karibu bar 1, kwa kuwa juu ya hapo inaweza kulipuka yenyewe bila hata oksijeni. Mtungi uliosafirishwa ukiwa umelala unasimamishwa saa kadhaa kabla ya kufunguliwa, ili asetoni, kimiminika kilicho ndani ya mtungi wa asetilini, irudi chini. Grisi na mafuta havigusi kitu chochote cha oksijeni, pamoja na mikono na matambara.

Kulikuwa pia na pipa la kabaidi (mawe yanayotoa asetilini yakilowa maji) nyuma ya jengo, la kutengenezea gesi siku mtungi ukiisha. Kilo moja ya kabaidi inatoa takriban lita 300 za asetilini, na asilimia 2.5 ya gesi hiyo hewani inatosha kulipuka. Pipa halikuwa na valvu ya usalama wala maji ya kuzuia moto kurudi. Limeondolewa. Ili lisirudi, bajeti ya muhula imewekewa mtungi wa akiba wa asetilini. Lilikuwepo kwa sababu ya uhaba, na bila mtungi wa akiba lingejengwa upya.

Wiki ya 8: moto, hewa, kelele

Vizima moto: unga mkavu wa kilo 6 kwenye kila mlango, CO₂ ya kilo 5 karibu na ubao wa umeme, ndoo za mchanga kwenye vibanda. Mshale wa kipimo unasomwa kila wiki, na mtungi wa unga unapinduliwa mara moja kwa mwezi kwa sababu unga hushikana chini. Cheche zinaruka hadi mita 10 na zaidi. Upande wa mbao sasa umetenganishwa na vibanda kwa ukuta wa tofali, na kazi ya mwisho ya kuchomelea inasimama saa moja kabla ya kufunga karakana ili mtu abaki kuangalia. Matambara yenye mafuta ya kitani yanaingia kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, kwani yakirundikwa hujiwasha. Namba ya Zimamoto, 114, imeandikwa kwenye milango yote pamoja na maelezo ya njia ya kuingilia gari.

Vumbi la mbao: mvule na mninga vinaleta chafya, upele na kwa wengine pumu, vumbi la mbao kwa jumla limeorodheshwa na IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, kuwa linasababisha saratani. Kupuliza kwa kompresa kumekomeshwa. Kunafagiliwa baada ya kunyunyizia maji kidogo. Bunduki ya hewa imewekewa kichwa kisichozidi psi 30, na haielekezwi mwilini. Tangi la kompresa linatolewa maji kila jioni, maana kutu hulila kutoka ndani, pasipoonekana. Limeombewa ukaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi.

Kelele: kiwango ni desibeli (dB) 85 kwa saa 8, na kila dB 3 zikiongezeka muda unapungua nusu. Kwenye dB 94 ni saa moja tu. Grainda kubwa kwenye bati inapita hapo. Vizibo vya masikio vinagawiwa mlangoni, si kwa kuombwa.

Wiki ya 9: wanafunzi wanarudi

Kila mwanafunzi ana kadi. Mashine isiyosainiwa kwenye kadi haigusi. Saini inapatikana kwa vitendo: ataje sehemu na hatari zake, azime na kufunga umeme kwa kufuli, aguse kitufe cha dharura akiwa amefumba macho, kisha afanye kazi moja mbele ya mwalimu. Kufumba macho kumeonekana kama mchezo, lakini asilimia kubwa ya darasa walinyoosha mkono pasipo na kitufe, na kwa drili ya pili ilibidi kitufe kihamishwe kutoka nyuma ya nguzo kuja mbele, usawa wa kiuno.

Duara la njano la mita moja limechorwa kila mashine. Ndani yake anaingia mtu mmoja. Anayetaka kumsemesha anasimama nje hadi aonekane, hamgusi bega.

Huduma ya kwanza imefundishwa kwa majeraha ya karakana hii. Kuungua: maji yanayotiririka dakika 20, bila dawa ya meno wala yai. Kidole kilichokatika: kitambaa safi chenye unyevu, ndani ya mfuko uliofungwa, mfuko juu ya barafu, kidole kisiguse barafu. Kupigwa na umeme: meni swichi kwanza, mtu baadaye. Kitu jichoni: maji dakika 15, kipande kilichochoma jicho hakitolewi, jicho linafunikwa na mtu anapelekwa hospitali.

Mwezi mmoja baada ya kukabidhi

Vilivyobaki mahali pake: stata zote, kinga ya msumeno, breka, minyororo ya mitungi, vibanda, vibati vya kupimia grainda.

Vilivyoondolewa au kupitwa: ulimi wa juu wa grainda ya pili (bolti yake ilihitaji spana iliyofungiwa stoo, sasa ina nati ya kipepeo); vizibo vya masikio upande wa mbao, kwa kuwa mafundi wanataka kusikia msumeno unapolemewa, na wamepewa vya kufunika masikio vinavyopunguza kelele bila kuiua; mistari ya njia sakafuni karibu na vibanda, iliyobabuliwa na cheche, itabadilishwa kwa vigae vya rangi.

Kazi zilizobaki: fito ya erthi ya mita 3, kivuta vumbi cha randa na msumeno (injini ipo, mabomba ya sm 10 bado), na kipimo cha erthi cha mwisho wa kiangazi.